Uliza Ujibiwe: Treni ya Pugu inasimama pale kati kusubiri nini?

Toleo lililopita niligusia foleni ya barabara ya Nyerere nikataja treni ya mjini kwa sentensi mbili tu, basi meseji zimemiminika mpaka nimeshangaa. Kumbe watu wana maswali mengi na hakuna wa kumuuliza. Mimi sio injinia, niseme mapema. Ni mtoto wa reli, marehemu baba alikuwa kwenye genge la njia, wale wa kubadilisha mataruma na kushindilia kokoto juani, nimekula na kusoma kwa reli na mpaka leo nikiwa na safari ya mjini asubuhi napanda treni. Nimechagua barua sita, nyingine zilikuwa zinafanana.

*Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili nakaa Gongo la Mboto, nauza vitambaa Kariakoo. Treni naipenda kwa kweli inaniokoa, ila kuna siku inasimama sehemu ambayo hata sio stesheni, dakika kumi na tano, ishirini, mbele hatuoni chochote, nyuma hakuna kitu, na hakuna mtu wa kutuambia neno. Inasubiri nini pale?*

Marahaba mama. Inasubiri njia. Najua jibu hilo linakera maana wewe unachungulia dirishani unaona reli nyeupe haina kitu mpaka macho yanapoishia, lakini njia ya treni haiangaliwi kwa macho, inaombwa.

Iko hivi. Reli hii ya kati unayopanda ni ya njia moja, kwenda ni hapo hapo na kurudi ni hapo hapo. Wajerumani walianza kuijenga kutokea Dar mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914, na walijenga reli ya kupeleka na kuleta mizigo bara, hakuna aliyekuwa anafikiria mama wa Gongo la Mboto anayetakiwa afungue duka saa mbili. Sasa kwenye njia moja treni mbili haziwezi kupishana popote zinapotaka, zinapishana stesheni tu au pale palipochepushwa njia ya pili fupi ya kupishania. Kati ya stesheni na stesheni inaruhusiwa treni moja, basi. Masta wa stesheni anamuuliza mwenzake wa mbele, kipande kiko wazi? Mwenzake akisema kiko wazi ndo dereva anapewa ruhusa ya kuingia, na ile ruhusa ikishatolewa hakuna mwingine anaingia hapo hata iwe treni ya rais.

Kwa hiyo unaposimama pale porini mara nyingi ni kabla tu ya kuingia stesheni, dereva ameona ishara inamkatalia. Huko ndani kuna treni inatoka au inapangwa. Inaweza kuwa ya abiria kutoka bara imechelewa usiku, inaweza kuwa mabehewa ya makontena yanatoka bandarini. Na hapa kuna kitu watu hawakijui, treni ya mzigo ikiwa ndefu kuliko ile njia ya kupishania haiwezi kuingia pembeni kuwapisha nyinyi, mkia utabaki nje umeziba njia kuu. Inabidi nyinyi wafupi ndo mwingie pembeni msubiri. Sio dharau, ni urefu tu.

Niliwahi kuona hiyo kitu kwa karibu mwaka fulani, tumesimama, jua ndo linachomoza, mbele yangu kuna baba ameshika kitambulisho cha kazi mkononi anakizungusha zungusha, kila dakika anaangalia simu. Dakika kumi na saba. Halafu ukasikika ule mtetemo kwenye sakafu ya behewa kabla hata ya sauti, yakapita matangi ya mafuta, nikayahesabu nikaishia njiani, kichwa kinakoroma, mwisho ukapita na sisi tukaondoka dakika ile ile. Wale matangi hawakuwa na haraka kama yule baba. Huo ndo ugomvi wangu mkubwa na jambo hili, kwamba kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa tatu asubuhi, kipande cha mjini ingetakiwa kiwe cha watu, mizigo isubiri huko nje ya jiji masaa matatu tu. Inawezekana kwa karatasi na kalamu, ni ratiba, haihitaji mkopo wa benki yoyote.

Na hilo la kutoambiwa kitu, hapo uko sahihi mia kwa mia. Gadi, yule msimamizi wa treni, anajua kwa nini mmesimama. Kupita behewa kwa behewa akasema "tunapishana, dakika kumi" hakumgharimu kitu. Muulizeni, kwa adabu, mara zote, mpaka iwe mazoea.

*Mambo vipi mkuu. Mimi nilikuwa konda wa daladala Tabata–Kariakoo miaka kumi na moja. Sisi abiria wakijaa tulikuwa tunaongeza magari, habari imeisha. Hivi hawa wa reli wanashindwa nini kuweka treni kila dakika kumi pale Ubungo? Au basi waongeze mabehewa yafike hata ishirini.*

Poa kaka, na swali lako nimelipenda kwa sababu linatoka kwa mtu anayejua kuhesabu tripu. Tuhesabu kikonda.

Kutoka Stesheni mpaka Ubungo Maziwa ni kama kilomita 12. Tuchukulie treni inatumia dakika 35 pamoja na kusimama njiani, na mwisho wa safari dakika 15 za kujipanga kurudi. Kwenda 35, kujipanga 15, kurudi 35, kujipanga 15, mzunguko mmoja dakika 100. Ukitaka treni kila dakika 10 kwenye mzunguko wa dakika 100 unahitaji treni 10. Sasa fikiria treni 10 kwenye njia moja, kila treni inakutana na mwenzake anayerudi kila baada ya dakika 5. Zitapishana wapi? Ungehitaji sehemu ya kupishania kila baada ya kilomita moja na kitu, hapo ni bora ujenge tu reli ya pili yote, moja ya kwenda moja ya kurudi, ndo dawa yenyewe. Daladala likikutana na daladala lingine linatoka pembeni kidogo linaingia hata kwenye mtaro, treni haina usukani.

Hizo dakika 15 za kujipanga nazo ni hadithi ndefu. Treni ya kuvutwa na kichwa ikifika mwisho, kichwa kinatakiwa kihame upande wa pili. Kinafunguliwa, kinakwenda mbele, kinapita njia ya pembeni, kinarudi kinagonga behewa la mwisho, mtu anashuka anafunga kile kiungo kizito cha chuma na mipira ya breki, breki zinapimwa, ndo mnaondoka. Njia ya kukwepa hilo ni mbili, ama uweke kichwa kila upande, au utumie zile treni ambazo injini iko humo humo ndani ya mabehewa na chumba cha dereva kiko kila mwisho, dereva anachukua begi lake anatembea kwenda upande wa pili na safari inaanza. Shika hilo, nitalirudia kwa ndugu yetu wa Nairobi huko chini.

Mabehewa ishirini: kichwa kitavuta? Ikiwa kina nguvu kitavuta lakini kuondoka kwake pale stesheni kutakuwa kwa kuburuta, na treni ya mjini kazi yake yote ni kusimama na kuondoka. Jukwaa nalo liko wapi la mabehewa ishirini? Hata hapo tulipo, vituo vingi havina jukwaa la usawa wa mlango, unapanda ngazi za chuma kutoka chini kwenye kokoto. Angalia siku moja mama mwenye ndoo ya samaki anavyopanda, anapitisha ndoo kwanza, kuna kijana anaipokea, halafu mtoto, halafu mwenyewe ameshika vyuma viwili anajivuta na khanga inamfunga miguu. Huyo mmoja ni sekunde thelathini. Wakiwa watano mlango mmoja ni dakika mbili na nusu, na hapo hajashuka mtu. Ukinipa mimi hela leo hii za kurekebisha treni ya mjini sinunui behewa hata moja kwanza, namwaga zege la majukwaa yenye usawa wa mlango kila kituo. Muda utakaookolewa hapo ni sawa na kupata treni ya bure.

Ila kaka tusisahau tulipotoka. Reli ya Ubungo ilikuwepo miaka yote hiyo na sisi tunapanda kwa dirisha la daladala, mpaka tarehe 29 Oktoba 2012 ndo zikaanza treni za mjini, ya Ubungo na ile ya TAZARA, reli ya kwenda Zambia, Mwakyembe akiwa waziri wa uchukuzi na wananchi wakaibatiza jina lake hapo hapo. Walikarabati vichwa na mabehewa ya zamani, hawakusubiri mapya. Nauli ya Ubungo ilianza kwa shilingi 400 mtu mzima na 100 mwanafunzi. Kwenye sensa ya mwaka ule Dar ilikuwa na watu 4,364,541, sensa ya 2022 wakafika 5,383,728, yaani milioni nzima imeongezeka na njia ya reli ni ile ile.

*Habari, mimi ni mwanafunzi wa chuo nakaa Yombo. Treni ya TAZARA inanipitia karibu kabisa na nyumbani lakini inaishia Kurasini huko, mimi nasoma mjini katikati. Si waunganishe tu reli zao treni ya Mwakanga ije mpaka Stesheni?*

Mdogo wangu, chukua rula. Pima milimita 67. Ni pungufu ya upana wa kiganja chako, na hizo ndo zinazokufanya ushuke upande daladala.

Reli ya kati upana wake kati ya chuma na chuma ni milimita 1,000. TAZARA iliyojengwa na Wachina kuanzia 1970 mpaka 1975 ni milimita 1,067, kwa sababu ilikuwa inakwenda kuungana na reli ya Zambia na za kusini huko ambazo zote ni za upana huo. Kwa wakati ule ilikuwa ni uamuzi sahihi kabisa, shaba ya Zambia ilikuwa inatafuta bahari na njia za kusini zilikuwa mikononi mwa wakoloni na makaburu. Lakini behewa la TAZARA haliwezi kukanyaga reli ya kati, gurudumu litadondoka. Hata mizigo, kule Kidatu reli mbili zinapokutana inabidi ihamishwe kutoka behewa hili kwenda lile.

Kuna ufundi wa kuongeza chuma cha tatu ili treni za pana mbili zipite njia moja, lakini kwa tofauti ndogo kama hii vyuma viwili vinakaribiana mno mpaka havipati nafasi ya kufungwa vizuri. Ingekuwa tofauti kubwa ingekuwa rahisi zaidi, fikiria hilo.

Kwa hiyo reli haziungani ila wewe unaweza kuunganishwa. Basi liwe limepaki Kurasini treni inapoingia, lisiondoke kabla yenu, na tiketi iwe moja. Hiyo wala sio kazi ya mafundi, ni watu wawili wa ofisi mbili kukaa meza moja wakalinganisha saa.

*Sasa hivi tuna SGR na mchongoko, dunia imebadilika, kwa nini tuendelee kuongelea treni za dizeli za kizamani? Msomaji, Kinyerezi.*

SGR, hiyo reli mpya ya umeme, naipanda na naifurahia, tangu ilipoanza Dar–Morogoro Juni 2024. Lakini ukitoka nayo Dar kituo kinachofuata ni Pugu. Buguruni, Vingunguti, Karakata, Gongo la Mboto zote umeruka, ndo ilivyokusudiwa, ni treni ya mikoani. Treni ya mtaa ni ile inayosimama mtaani. Siku wakiweka treni ya umeme inayosimama Vingunguti nitakuwa wa kwanza kupanda, umeme unaondoka kwa kasi kuliko dizeli na kwa treni ya kusimama simama hilo ndo jambo kubwa kuliko spidi ya juu. Mpaka hapo, usiitupe iliyopo.

*Salaam kutoka Nairobi. Mimi hupanda gari moshi la Syokimau kila siku kwenda town. Wazee wangu hapa kwa mtaa hubishana kama hii biashara huleta faida ama ni serikali inatupa pesa tu. Kwenu Dar mnaonaje?*

Karibu sana ndugu yetu, na nyinyi na sisi tulianza karibu mwezi mmoja, sisi mwisho wa Oktoba 2012 na stesheni yenu ya Syokimau ikafunguliwa na Rais Kibaki tarehe 13 Novemba mwaka huo huo.

Kuhusu faida, waambie wazee kwamba nauli peke yake karibu kote duniani hailipi gharama yote ya treni ya mjini, na sababu iko kwenye saa. Watu wote wanataka kwenda mjini saa moja asubuhi na wote wanataka kurudi saa kumi na moja jioni. Ili uwabebe unatakiwa uwe na treni, madereva, gadi, mafundi wa kutosha kwa masaa hayo, halafu kuanzia saa nne mpaka saa tisa vyuma vimelala na mishahara inatembea. Na hata hiyo saa moja treni inakwenda mjini imejaa pomoni inarudi haina mtu, yaani nusu ya safari zako za saa hizo za abiria wengi unakula hasara ya kurudi mtupu. Daladala au matatu ikiona hivyo inapaki, konda anakunywa chai. Treni hairuhusiwi kufanya hivyo, lazima irudi ichukue wengine.

Lakini swali la wazee limekaa vibaya kidogo. Hakuna anayeuliza kama barabara ya Mombasa pale inaleta faida. Barabara inajengwa na kodi, inakarabatiwa na kodi, watu wanapita. Anayebaki kwenye treni ni gari moja limepungua mbele ya yule aliyeko kwenye basi, kwa hiyo hata asiyepanda anafaidika na hatoi senti kwenye tiketi. Mimi naona serikali kuchangia ni halali kabisa, cha muhimu mchango ujulikane ni kiasi gani na upelekwe kwenye matengenezo, kwa sababu treni ya mjini huwa inakufa polepole, injini inaharibika haitengenezwi, safari mbili zinakuwa moja, abiria wanaizoea daladala, halafu mtu anasema umeona, haina abiria.

Na nyinyi mmetutangulia jambo moja ambalo nilimwahidi konda hapo juu. Zile treni mlizonunua Hispania, zilizotumika kisiwani Mallorca, zikaanza kazi 2020, zina injini ndani na dereva pande zote mbili, hazina habari ya kuzungusha kichwa. Na ziliwezekana kwa sababu reli ya kule Mallorca ni ya milimita 1,000, sawasawa na yenu ile ya Mwingereza iliyofika Nairobi 1899, na sawasawa na yetu ya kati. Mwanafunzi wa Yombo aliyeko na rula aone hapo milimita zinavyofanya kazi kwa upande wa heri. Watu wa SGR yenu wakishuka Syokimau wanapanda treni ya kawaida kumalizia town, huo uunganisho mmeufanya vizuri, natamani na kwetu uwe hivyo, mtu atoke Moro ashuke Pugu aendelee na ya mtaa bila kutoka nje kutafuta bodaboda.

*Nakaa mita kama hamsini kutoka kwenye reli Vingunguti. Kila alfajiri honi, honi, honi. Nina mtoto mchanga. Ni lazima?*

Ni lazima, na pole sana kwa mtoto, najua maana yake, mimi nimelelewa kwenye kelele hizo.

Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halina mshiko kama tairi na lami. Ndo maana treni inavuta mzigo mkubwa kwa mafuta kidogo, na ndo maana hiyo hiyo inashindwa kusimama. Dereva akikuona mbele akavuta breki zote, treni nzito bado itatembea mita mia kadhaa, na hawezi kukukwepa. Kitu pekee alichonacho mkononi cha kukuokoa ni ile honi. Kwa hiyo kila anapokaribia makutano ya barabara na njia za miguu lazima apige, na mtaani kwenu njia za miguu zinazokatiza reli ni nyingi, nyingine hata hazitambuliki, watu wamezitoboa tu kati ya nyumba na nyumba. Dereva anazijua zote. Anapiga kwa kila moja.

Baba alikuwa na mazoea akivuka reli, hata ile iliyoota nyasi haipiti treni, anasimama, anaangalia kulia, anaangalia kushoto, ndo anavuka. Sikuwahi kumuona anaruka hilo hata siku moja. Siku hizi naona vijana wanakaa kabisa juu ya reli jioni, spika masikioni, mgongo umeelekea treni inakotokea. Nyinyi mnaokaa jirani mkiona hivyo mwiteni mtoto wa watu kwa sauti, msingoje honi.

Kupunguza kelele kunawezekana pale makutano yakiwekewa geti na mlinzi, na njia ndogo ndogo zikafungwa zikabaki chache zinazojulikana, maana njia zikiwa chache na sehemu za kupigia honi zinakuwa chache. Serikali ya mtaa wenu inaweza kuandika barua kwa wenye reli kuomba hilo, mkiandika tajeni njia zenyewe moja moja, ipo wapi, wanapita wanafunzi wa shule gani, saa ngapi wanakuwa wengi. Mimi nikipata nakala nitaichapisha hapa.